Fundi wa sauti aliyewanyima ukimya wa veranda

Jua la asubuhi limeshaipiga veranda ya jumba la kukodi juu ya mlima Tamborine, nje ya Brisbane, na watu ishirini hivi wamesimama kama waliogandishwa. Kikombe cha kahawa cha mpiga picha kimeishia njiani, hakijafika mdomoni. Prodyuza ana mguu mmoja ngazini na mwingine hewani. Hakuna anayekohoa.

Katikati yao yupo Raelene Pocknall, miaka hamsini na saba, kaptula, kofia pana, hedifoni masikioni. Ndiye aliyesema "Kimya." Na kwa desturi ya kazi hii, ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kusema "Asanteni" ili watu wapumue.

Kila mahali pana ukimya wake, na fundi wa sauti huurekodi kwa nusu dakika kabla kundi halijahama. Veranda hii ina nyenze, ina kijito chini ya mikaratusi, ina friji inayonguruma jikoni. Ukimya huo ndio gundi. Wahariri hukata maneno ya watu, huyapanga wanavyotaka, kisha huutandaza chini yake ili mshono usisikike.

Nusu dakika inapita. Raelene hasemi asanteni.

"Rae," ananong'ona mpiga picha, Gavan Tibbits. "Mguu umekufa ganzi, mama."

Raelene anainua kidole. Bado.

Mwanamke huyu hakusomea sauti popote. Alikuwa mkata nyama kiwandani huko Beenleigh, na mwisho wa wiki alibeba spika za bendi ya shemeji yake. Mwaka 2001 kiwanda kilipofungwa, akasikia kuna watu wanatafuta mtu wa kushika waya kwenye kipindi kipya cha televisheni: wageni wanane wasiojuana, nyumba moja ya kuta nyembamba kando ya barabara ya Caboolture, wiki nane. Mshindi angepewa gari la mizigo, tena lililotumika.

"Hakuna kilichotokea humo," anasema Raelene, na anacheka mpaka kofia inamvuka. "Wiki nzima watu waligombana nani kamaliza maziwa. Basi nchi nzima ikagombana nao! Ukienda buchani unaulizwa, wewe kwenye maziwa uko upande gani?"

Wanaoikumbuka enzi hiyo wanaikumbuka kwa jambo moja. Merv Stallard, mshiriki aliyekuwa fundi bomba mjane kutoka Ipswich, alimfundisha mshiriki mwenzake, binti aitwaye Tegan, kupiga pasi shati, kwa sababu binti alikuwa na usaili wa kazi akitoka pale. Zaidi ya dakika kumi, bila kukatwa, bila muziki. Baa zilizima mashine zao za kamari ili watu wasikie mvuke wa pasi.

Merv sasa amepita themanini. "Walinicheka miaka mingi," anasema akiwa kibarazani kwake. "Mtoto akipita na baiskeli anapiga kelele, 'Merv, kola kwanza!' Lakini kola kwanza nilisema mimi, kwa kinywa changu. Hilo halininyimi usingizi."

Tusidanganyane, enzi ile haikuwa ya malaika. Gavan naye alikuwepo, na haogopi kumrekebisha rafiki yake.

"Rae anaipaka asali," anasema. "Tegan alilia akitaka kwenda kwao, na sisi tukaendelea kupiga picha. Usije ukaandika ilikuwa peponi, bwana."

"Nani kasema peponi, wewe mzee?" Raelene anamjibu. "Nimesema alipolia, ulimwona akilia kwa lile lililomliza. Basi."

Tofauti ni hiyo, na haikuanguka kutoka mbinguni. Ililetwa na watu wenye majina na ofisi, msimu hadi msimu. Kwanza walikuja maprodyuza na maswali ya kuchokoza. Kisha pombe ikaanza kumiminwa kabla ya chakula. Kisha washiriki wakaamriwa kuvaa shati lilelile katika kila mahojiano, ili neno la Jumatatu liweze kubandikwa kwenye hasira ya Ijumaa.

Msije mkaambiwa watazamaji ndio waliotaka hivi. Hakuna aliyepiga hodi kwa watazamaji kuwauliza. Waliotaka ni wale wanaopenda ugomvi unaofuata ratiba, maana ugomvi wa kweli hauji kwa wakati, na maziwa hayaishi kwa amri ya ofisi.

Kipindi kinachorekodiwa Tamborine kinaitwa Jumba la Mioyo. Mmoja wa washiriki ni Viliami Fonua, miaka ishirini na tisa, mbeba samani kutoka Woodridge, mzaliwa wa familia ya Kitonga, wahamiaji kutoka visiwa vya Tonga. Kila asubuhi Raelene alimbandika kipaza sauti kifuani, na kila asubuhi walitaniana.

"Anti Rae, mikono yako baridi kama samaki."

"Tulia wewe, kifua kama kabati. Hizi nywele zitanikwaruza masikioni siku nzima."

"Zinyoe basi."

"Akunyoe mama yako."

"Mama? Mama akifika hapa, nyote mtapelekwa kanisani kwa miguu."

Jumatatu, wakiwa verandani, mshiriki mmoja alipendekeza kwa dhihaka kwamba mama zao waletwe nao watafutiwe wachumba. Viliami hakucheka. Alisema, "Mama yangu ndiye aliyenilea peke yake. Simtaki mtu wa kumcheka hapa." Raelene aliyarekodi maneno hayo mwenyewe.

Jioni hiyo aliingia kwenye kontena la wahariri kuchukua betri, akasikia sauti ileile ikitoka kwenye spika: "Mama yangu… simtaki… hapa." Mhariri akairudisha. Akaipiga tena. Kati ya maneno palisikika mashimo, kwa sababu ukimya wa veranda waliokuwa nao uliingiliwa na helikopta.

"Rae, umekuja wakati mzuri," alisema prodyuza, kijana aitwaye Brodie Kessell. "Kesho kabla hatujaondoka tupatie ukimya mpya wa veranda. Safi, bila helikopta."

"Hajasema hivyo huyo."

"Kila neno hapo ni lake. Tumeyapunguza tu."

"Ukimkata mtu kichwa na miguu, umempunguza pia."

"Ni televisheni, Rae! Jumatatu ijayo watu watakuwa wameshasahau."

Woodridge hawasahau. Mele Fonua, mama yake Viliami, alifiwa na mume mtoto akiwa bado ananyonya. Alisafisha korido za hospitali miaka na miaka, na kanisani ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama. Kila Jumapili kwaya nzima hukaa sebuleni kwake kumtazama Viliami. Mwana akisikika akimkana mama mbele ya watu hao, uso wake ataupeleka wapi? Na wa mama je?

Kumwambia Viliami kusingesaidia, alishasaini kwamba sauti yake ni mali yao. Raelene naye hulipwa kwa siku. Katika kazi hii mtu hafukuzwi, simu tu inaacha kulia. Alilijua hilo alipolala, na alilijua alipoamka.

Ndiyo maana asubuhi hii ya mwisho, verandani, hasemi asanteni. Dakika nzima imepita. Brodie anazungusha mkono hewani: maliza, maliza. Ndipo Raelene anapoiwasha mashine ya kurekodi, ambayo muda wote ilikuwa imezimwa, na kukivuta kipaza sauti hadi mdomoni mwake.

"'Mama yangu ndiye aliyenilea peke yake. Simtaki mtu wa kumcheka hapa.' Viliami Fonua, Jumatatu, veranda hii. Asanteni."

Watu wanapumua. Viliami, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, anawatazama mmoja mmoja. "Kwani kuna nini?"

"Walitaka wewe umkatae mama yako," anamjibu Gavan, ambaye Raelene alimsimulia yote usiku, na hapo ndipo anapokunywa kahawa yake.

"Rudia," Brodie anasema, masikio yamemwiva. "Ukimya mtupu."

"Betri imeisha," anasema Raelene.

"Gavan, chukua hedifoni wewe."

"Mimi? Sikio hili bovu tangu utotoni, bosi."

Brodie anamgeukia mshika taa. Mshika taa ameshikwa na chafya, tena za mfululizo. Na mpishi, ambaye hakuna aliyemwomba lolote, anawasha mashine ya kusaga matunda na kuiacha ikinguruma. Jumba lilikuwa la kurudishwa kwa mwenyewe mchana huohuo. Mpaka magari yanafika, mashine ilikuwa bado inasaga, na ndani yake hamkuwa na tunda hata moja.

Jumapili Raelene alikaribishwa Woodridge. Alikaa karibu na mlango, sahani ya nyama iliyopikwa kwenye majani na tui mapajani, katikati ya akina mama wenye sauti za kubomoa ukuta. Mkono wake uliacha kupeleka chakula mdomoni veranda ilipotokea kwenye televisheni.

Bila gundi, wahariri walikuwa na njia mbili, kuyatupa maneno yale au kuyaacha kama yalivyo. Kipindi kilikuwa kimepungukiwa dakika, wakayaacha. "Mama yangu ndiye aliyenilea peke yake," ilisema televisheni. "Simtaki mtu wa kumcheka hapa."

"Malie! Malie!" kwaya ikashangilia kwa Kitonga, na mmoja akampiga Viliami mgongoni karibu ateme chakula.

Mele alikuwa anajifuta macho kwa ukingo wa shali. "Hawakumpa chakula huko," alisema. "Tazama alivyokonda."

"Mama, nimeongezeka uzito!"

"Nyamaza, mgeni anakula."

Tangu siku ile simu ya Raelene haijalia. Anakodisha spika kwa harusi na sherehe za shule, na hajuti. "Mlio nimeuweka juu kabisa," anasema. "Wasije wakasema walipiga sikusikia."

Hakusudii kukaa akiingoja. Mwezi ujao chama cha wafanyakazi wa filamu na televisheni kina mkutano Brisbane, na yeye ana hoja ya kuweka mezani: hakuna sentensi ya mshiriki itakayorushwa kama mshiriki hakuisema, na fundi yeyote wa sauti awe na haki ya kukataa kutoa ukimya wake bila kupoteza kazi. Gavan ameshakubali kuiunga mkono. Mafundi wa vipindi vingine viwili wameahidi kuja. Merv atapanda treni kutoka Ipswich, na shati ameshalipiga pasi.

"Tutashinda," anasema Raelene, akiwa amerudi kwa Mele kula Jumapili nyingine. "Hawawezi kutengeneza uongo wao bila mikono yetu. Nitaanza kwa kuwasimamisha wote nusu dakika, wausikilize huo ukimya. Wajue ni kazi yetu, na ni sisi tunaoutoa."

Mele, aliyekuwa akimfungia chakula cha kubeba, aligeuka. "Mkutano wenyewe unaanza saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mama."

"Na kimya ni nusu dakika tu?"

"Nusu dakika tu."

"Vizuri," alisema Mele, akikaza fundo la kitambaa. "Kwaya itaingia baada ya hapo."