Jiwe la Matundu Saba

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nyumbani kwetu Uthiru, nilipochora gĩthathi, jiwe la kiapo lenye matundu saba ambalo wazee wa Kikuyu hawakuruhusu liingie katika boma la mtu yeyote. Sikuwahi kuliona. Shosho, mama yake baba, ambaye nina jina lake, alinisimulia jinsi wenye kesi walivyopitisha vijiti katika matundu hayo wakiapa, na jinsi mwongo, au mtu wa nyumba yake, alivyokufa kabla ya misimu saba ya mvua kwisha.

Alipouona mchoro mezani, aliacha kumenya viazi.

"Umelileta ndani?"

"Mama, hiyo ni penseli tu," akasema baba, mzee wa kanisa asiyekosa ibada.

"Sawa. Kama ni penseli tu, leo ilalie hiyo karatasi."

Baba alicheka, lakini hakuichukua. "Basi niichome."

"Ichome, tuvute moshi wake sote!"

Hatimaye tuliitia katika mkebe wa majani chai, tukauning'iniza kwenye ua, nje ya lango. Shosho akaanza kuhesabu misimu.

Msimu wa sita baba aliugua, akalazwa katika hospitali kubwa karibu na Upper Hill. Niliamini kwamba nilikuwa namuua. Nilikimbilia ule mkebe niupasue mchoro. Shosho akanishika mkono.

"Wewe uliapa uongo?"

"Hapana, shosho."

"Basi jiwe halina kesi nawe. Ngoja."

Nikangoja. Mvua za saba zilipokatika, baba, amekonda lakini amepona, alitoka mwenyewe hadi nje ya lango akarudi na mkebe. Aliugongomelea mchoro ukutani, juu ya kitanda chake.

"Mama, leo nalala chini ya jiwe hili."

Shosho akapiga vigelegele vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume anapozaliwa.

Baadaye nilisoma Kigiriki na Kilatini, nikafundisha Maandiko, nikatazama michoro mingi ya madhabahu na vyetezo vya miungu ya kale. Waliovichora hawakuwa na nyanya wa kuwahesabia mvua, nami niliwahurumia.

Juma lililopita mchoro wangu ulitundikwa katika ukumbi wa maonyesho katikati ya jiji. Msichana mmoja akaniuliza, "Shosho, kwani hukuogopa?"

Nikamjibu kwamba niliogopa misimu saba mizima. Kisha nikamwonyesha, juu ya jiwe, matundu mawili ya misumari ya baba. Hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote niliyoyachora.