Sista Hana Mimba

Mimi na Justa tumepanga fremu moja Katandala, hapa Sumbawanga, mwaka wa sita huu. Upande wa dirisha ni cherehani yangu, upande wa ndani ni kioo chake, viti viwili na ndoo za maji ya kuoshea nywele. Yeye ni msusi. Mimi namsema kila siku, lakini sitaki mtu mwingine amseme. Ana mikono myepesi na mdomo mzito: anaweza kukusuka kichwa kizima, saa nne nzima, akasema "inama" na "geuka" tu, na ukaondoka unaamini mmepiga soga. Soga yote humo ndani ni ya kwangu. Mungu alitugawia hivyo.

Mwaka jana mwezi wa tisa shangazi yake alikuja kutoka Mwazye na boksi lenye simbilisi watatu, wote majike. Kwetu Ufipa simbilisi si mnyama wa kupakatwa. Anakaa jikoni karibu na moto, anakula majani na maganda, ananenepa bila mkia, na siku ya mgeni anaingia chunguni. Wawili waliingia chunguni, na paja moja nilikula mimi, sikatai. Wa tatu alikuwa mwekundu mwenye duara jeupe kuzunguka uso, kama shela ya mtawa, na kila Justa alipogonga kitana kwenye kiti alimwitikia kwa mluzi. Justa akasema huyu haliwi. Akampa jina Sista, akamwekea kreti ya soda chini ya kioo, akawa anamkatia majani kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza.

Baada ya Pasaka, Sista akaanza kuvimba tumbo.

Sasa niambie. Mji wenye Wakatoliki kama huu, simbilisi anayeitwa Sista, anaishi peke yake, na ana tumbo. Ningenyamaza vipi? Nilimtangazia kila aliyekuja kupimwa gauni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umesikia ya Sista? Wateja wakauliza baba mtoto ni nani. Vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele yetu wakawa wanasingiziana. Mama Abeli, anayesukwa kila baada ya wiki mbili na kuzungumza hata kunishinda mimi, alishaagiza watoto wawili. Mimi niliagiza mmoja, dume kama inawezekana.

Justa peke yake hakucheka.

"Hana mimba," alisema. "Dume amemtoa wapi?"

"Uliza panya wa dukani kwa jirani," nikamjibu, na watu wakaangua kicheko mpaka Mama Abeli akapoteza hereni.

Simbilisi hubeba mimba kwa miezi miwili na siku kidogo. Ikapita miwili, ukaja mwezi wa sita na ule upepo wetu unaoingia mpaka kwenye mifupa, na Sista hajazaa. Badala yake manyoya yakaanza kutoka. Yalianza kupungua mbavuni, kisha ngozi ikaonekana, ya pinki kabisa, kwenye baridi ile. Justa alimkatia kipande cha sweta, nami nikakipiga pindo, maana roho yangu si mbaya kiasi hicho. Kwenye duka la dawa za mifugo walimuuzia unga wa kuua utitiri. Akampaka wiki mbili. Manyoya yakaendelea kutoka.

Siku moja asubuhi, kabla hatujapata mteja, aliniita nichuchumae kando yake. Alikuwa amemshika Sista mapajani na kwa mkia wa kitana anafungua manyoya, mstari kwa mstari, vilevile anavyofungua kichwa cha mtu.

"Tazama, Adela. Mtu mwenye fangasi kichwani anatoka mabaka, moja hapa, moja kule, ngozi inatoa magamba, na anajikuna. Mtu aliyesukwa kwa kukazwa nywele zinamkatika pembeni, pale zinapovutwa. Huyu hajikuni. Ngozi safi. Na huku na huku zimetoka sawasawa, kama nimemnyoa kwa rula. Kitu kinachonyonyoa hivi hakiko juu ya ngozi. Kiko ndani."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Ningemsifu. Badala yake mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake.

"Ndani kuna watoto," nikasema.

Mama Abeli alikuwa ameshafika mlangoni. "Au kama hazai, mle kabla hajafa," akasema. "Maana hata majani hali tena. Ila akiwa na mimba mimi simo."

Justa alimrudisha Sista kwenye kreti, taratibu kabisa. Kisha akatupa kitana ukutani, kikavunjika meno.

"Hana mimba! Na mimi sikuwa na mimba!"

Mama Abeli akakaa bila kuambiwa akae.

Hapo ndipo nilipoyasikia ya Justa, baada ya miaka sita ya kukaa naye meta mbili. Alikuwa kidato cha tatu, mwaka elfu mbili na nne, wa pili darasani kwa hesabu. Tumbo likaanza kuvimba. Wenzake wakacheka, walimu wakanong'ona, kisha akaambiwa abebe godoro lake aende nyumbani akazae kwanza. Nyumbani mama yake akamuuliza mwanaume ni nani, akamuuliza kwa maneno, akamuuliza kwa fimbo. Akangojwa azae. Ukapita mwezi wa tisa, ukapita wa kumi.

"Mwezi wa kumi na moja," alisema Justa, na hapo akacheka kidogo kwa hasira, "ndipo baba akaanza kushangaa. Hata ng'ombe angekuwa ameshazaa. Hospitali wakanipasua, wakatoa uvimbe umejaa maji, mkubwa kama boga. Basi. Mtoto mwenyewe ndiye huyo. Na hakuna aliyerudi shuleni kusema tumemkosea huyu binti. Wakasema ametoa mimba."

Mama Abeli alilia wazi wazi, yeye hana aibu ya kulia. Mimi niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, nikajifanya natafuta uzi. Miezi miwili mizima nilikuwa nimefanya kwa kelele kile walichomfanyia wale wa shuleni, na nilikuwa nimechekesha sana. Neno la kumwomba msamaha sikulitoa. Nikasema tu, "Twende kwa daktari. Leo. Nafunga."

Tulimpakia Sista kwenye kikapu, ndani ya sweta lake, tukapanda bajaji mpaka kwa Daktari Felisian. Huyu ni daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na nguruwe, anajulikana kwa kupandisha ng'ombe wa maziwa kwa mrija. Alipochungulia kikapuni alifikiri tumemletea zawadi.

"Ahsanteni," akasema. "Lakini mbona hana manyoya?"

Justa akamweleza yote, ya utitiri, ya kutojikuna, ya huku na huku sawasawa. Daktari akaacha kutabasamu. Akaosha mikono, akamshika Sista, akapitisha vidole viwili chini ya mbavu, polepole, macho yametazama dari. Justa alikuwa amenishika mkono, ananiminya mpaka kidole cha pete kikafa ganzi.

"Nani amekufundisha kusoma manyoya hivi?" akauliza daktari.

"Ni msusi," nikajibu kwa niaba yake, na nilijivuna kama vile nimemzaa mimi.

Alisema kuna uvimbe kila upande, kila mmoja kama ndimu, kwenye vifuko vya mayai. Ndani ni maji. Maradhi hayo huwapata hata ng'ombe, na ndiyo yanayovuruga homoni mpaka manyoya yakatoka pande zote kwa usawa. Dawa ya uhakika ni kupasua na kuondoa vifuko vyenyewe, lakini kwa mnyama mdogo hivi hakutaka kutudanganya, dawa ya usingizi aliyonayo ingemuua. Angenyonya maji kwa sindano, kisha ampe tone la homoni anayowachoma ng'ombe. Huenda uvimbe ukarudi, alisema, na hata sindano yenyewe si salama. Sista anaweza kufia hapo mezani.

Justa alisogea mezani. "Choma," akasema, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili, ile inayoshika vichwa siku nzima. Sista alipiga mluzi mmoja mkali. Maji yakapanda kwenye bomba la sindano, safi kama ya mvua, likajaa, daktari akabadilisha, akahamia upande wa pili. Tumbo likashuka mbele ya macho yetu. Alipowekwa chini alisimama akitikisika, akakaa kitambo hivyo hivyo, kisha akavuta jani la kabichi lililokuwa kikapuni akaanza kulitafuna.

Nilipiga vigelegele, daktari akashtuka.

Tulipokuwa tunaaga, Justa hakuinuka. "Daktari, naomba uniandikie."

"Dawa zimekwisha, mama. Umlete tu baada ya wiki mbili."

"Si dawa. Niandikie kwamba hana mimba. Na kwamba hakuwahi kuwa nayo. Weka na muhuri."

Daktari Felisian alinitazama mimi. Nikamwambia aandike. Akachomoa karatasi yenye jina lake juu, ile anayoandikia vibali vya kusafirisha nguruwe, akaandika kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri.

Tuliporudi Justa alibandika karatasi ile kwenye kioo, mahali ambapo kila anayesukwa lazima aisome. Akarudi nyuma, akaisoma, akaisoma tena. Mimi nikaona lile neno haliwezi kungoja tena.

"Justa, nisamehe."

"Mwombe Sista, ndiye uliyemtangaza."

"Simwombi simbilisi msamaha. Nakuomba wewe."

Alinigeukia. Macho yamejaa machozi, lakini pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu cha uchokozi ambacho sikuwahi kukiona kwake. "Basi tangaza," akasema. "Kama ulivyokuwa unatangaza yale mengine."

Nikatoka mpaka barazani. Bodaboda walikuwepo wote, muuza mahindi alikuwepo, na watu wa dukani kwa jirani. Nikajaza pumzi.

"Sikilizeni! Justa hakuwa na mimba! Alikuwa na uvimbe! Alisingiziwa akafukuzwa shule, na hakuwa na mimba!"

Wakatazamana. "Lini, dada?" akauliza mmoja wao.

"Elfu mbili na nne!"

"Sisi hatukusema kitu," akajitetea kijana, ambaye mwaka huo nadhani alikuwa bado hajazaliwa.

Nyuma yangu, ndani, Justa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kwa sauti kubwa, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Rudia, Adela," akasema. "Wa kule mwisho hawajasikia."