Sauti Niliyomchagulia Mzee Festo

Nakumbuka siku niliyomchagulia mtu mzima sauti ya kusikiliza bila kumuuliza. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo, mwanangu, na nalitaja mapema kabla sijapata sababu ya kulificha. Nakuita mwanangu ingawa sijaota hata mvi moja, lakini huku kwetu aliyetangulia kujikwaa ana ruhusa ya kumwonya anayemfuata.

Mimi sioni tangu utotoni. Kompyuta nilijifunza mwenyewe pale Ifakara, kwa programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilikuwa na hofu ya kukosea. Nilijaribu kila mpangilio: kasi, sauti, alama za kusomwa na za kurukwa. Nikabadili, nikarudia, hadi nikapata ulionikaa vizuri. Tangu hapo niliamini hakuna mwingine ulio sahihi.

Ndipo nikaitwa kijijini Mkula, kwa Mzee Festo. Alikuwa mtunza stoo kwenye mashamba ya miwa, mtu wa mwandiko safi, na alipostaafu wakulima wenzake wa mpunga walimfanya katibu wa kikundi chao. Kisha presha ya macho ikampofusha. Wenzake wakamwambia kwa upole kwamba kama hataweza kusoma muhtasari kwenye mkutano ujao, watatafuta katibu mwingine. Kwake ukatibu ule ndio uliokuwa unamtoa ndani ya nyumba. Binti yake akamletea kompyuta, nami nikaja kwa bodaboda kuiandaa.

Haikunichukua muda. Niliweka kasi yangu, ile inayokimbia kama maji ya mto wakati wa masika. Niliweka sauti yangu ya Kizungu, inayokitafuna Kiswahili, maana mimi nimeshaizoea. Nikazima kutajwa kwa herufi wakati wa kuandika, kwa kuwa mimi zinanichelewesha. Nikamkabidhi kwa furaha. Yeye akasema ahsante.

Niliporudi wiki iliyofuata, mkewe, Mama Koleta, aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini. Akaniambia mzee anasema masikio yake yamezeeka, na kesho anatuma ujumbe kwa mwenyekiti kwamba anaacha ukatibu. Nilimkuta uani akichonga mpini wa jembe kwa kupapasa.

Niliogopa kazi yangu itaonekana mbovu, na woga ukaninyima adabu.

"Mchagua jembe si mkulima, mzee," nikamwambia.

Hakukasirika. Aliweka chini panga lake, akanitia jembe lake mkononi, akaniongoza hadi kwenye tuta la matembele. Akaniambia nilime mpaka mwisho wake.

Sasa, Mzee Festo ni mfupi, na mimi huinama kupita milangoni. Sikufika nusu ya tuta kiuno kikaanza kuwaka.

"Vipi, mkulima?" akaniuliza. Nikasikia Mama Koleta anacheka jikoni.

Nikasema mpini ni mfupi.

"Si mfupi. Ni wangu." Akalipokea jembe. "Methali yako aliitunga mtu mwenye jembe linalomtosha. Mimi nikimchongea mtu mpini, namshikisha kwanza. Apige, nipunguze, apige tena. Wewe uliniuliza nini?"

Sikuwa nimemuuliza lolote. Nilidhani upofu ni mmoja, na kwa kuwa wote hatuoni, basi masikio yake ni masikio yangu.

Tukarudi kwenye kompyuta. Safari hii mikono ilikuwa yake. Nilimwonyesha vitufe vilipo, nikanyamaza, na kule kunyamaza kulinitesa kuliko lile tuta. Akashusha kasi mpaka nikasikia usingizi. Akatafuta sauti ya Kiswahili. Ilipotokea ya kike akasita.

"Hii hapana. Mama Koleta atauliza ni nani huyu ananinong'oneza."

Akataka kila herufi itajwe anapoandika, maana vidole vyake vilikuwa bado havijajiamini. Akataka pia herufi kubwa zitangazwe, jambo ambalo mimi niliona ni kelele tupu. Akanieleza kwamba kuandika jina la mtu kwa herufi ndogo ni kama kumwita kwa mluzi.

Siku ya mkutano alivaa hedifoni sikio moja. Kompyuta ilimsomea sentensi, naye akawasomea watu. Mfugaji mmoja wa Kisukuma akaomba asikie tena maneno yake ya mkutano uliopita juu ya ng'ombe kupita mashambani. Mzee akabonyeza, akayarudia.

"Ndivyo nilivyosema," mfugaji akajibu, akaketi. Hakuna aliyetaja katibu mwingine.

Siku hizi Mzee Festo anaishi kwa binti yake, huko Lupiro. Nikipita Mkula nakosa mlio wa lile panga juu ya mti, na harufu ya vumbi la mbao mbichi. Nasikia kasi ya kompyuta yake ameshaipandisha, mwenyewe.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hata ukilalia kinachofanana nacho, bado hujui. Unapomsaidia mwenzako, usimpe kilichokufaa wewe ukadhani umempa kilicho bora. Muulize, kisha umwachie muda wa kujaribu na kukataa. Mungu akujalie subira ya kusikiliza, na akuletee watu watakaokurudi bila kukuvunja moyo.

Mimi sasa nikikaa na mtu mbele ya kompyuta yake, mikono yangu naiweka mapajani.