Marahaba ya Saa Moja Asubuhi

Kipimo cha presha alichotununulia shangazi kina sharti dogo lililomshinda bibi yangu: ukipimwa, usiongee. Nilisoma kijitabu chake mara nane nikitafuta kifungu kinachowahusu wazee wa Buswelu. Hakipo.

Shangazi ni muuguzi Dar. Kila saa moja asubuhi nilimfunga Bibi ule mkanda mkononi, na namba ikaenda yenyewe kwenye simu ya shangazi. Alitupa wiki moja. Alitaka namba mbili tu zilizo chini ya mia na hamsini. Zikikosekana, angekuja Jumapili kumchukua mama yake akakae naye ghorofa ya nne.

"Huko nani anapita?" Bibi aliuliza.

"Hapiti mtu, mama. Kimya kabisa."

Bibi akanirudishia simu bila kuaga.

Nyumba yetu iko kwenye njia ya watu wote waendao barabarani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mtoto kapona?" Mia na hamsini na nane. Nikamwingiza ndani, akaitikia kwa nguvu zaidi ili wamsikie. Mia na sitini na mbili.

"Bibi, nyamaza dakika moja tu."

"Nisalimiwe ninyamaze? Kwani nimekufa?"

Alhamisi mvua ilinyesha, hakupita mtu: mia na arobaini na moja. Bado moja. Ijumaa jua likatoka, na watu nao.

Nilifikiria kubandika kwenye uzio tangazo la kuomba watu wasimsalimie, nikafikiria watakavyolisoma, nikaacha. Bibi ndiye aliyekata shauri.

"Utaitikia wewe. Sauti tunafanana. Ila usiitikie kavukavu, uliza na habari."

Nilijiuliza kama huo si udanganyifu. Lakini kijitabu kinamkataza anayepimwa kuongea, mjukuu hakimtaji.

Jumamosi, siku ya mwisho, nikachuchumaa nyuma ya kiti chake barazani. Nilishawapa marahaba watu wawili wenye wajukuu, na mkanda ulikuwa unajaa upepo, ilipokuja sauti nzito kutoka njiani.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa mwalimu wangu mkuu wa shule ya msingi. Aliwahi kunichapa kwa kutosalimia wakubwa. Nikaanza kupima madhara, moja baada ya jingine, mpaka Bibi akanikanyaga kidole, nikaitikia kwa sauti yake.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Watoto wa watu umewapunguzia viboko?"

Sijui swali hilo lilinitokaje. Njiani hatua zikasimama. Mkanda ukalegea: mia na thelathini na sita. Kabla sijapumua, ujumbe wa shangazi ukaingia: "Safi. Basi abaki."

Hapo Bibi akaachia kicheko alichokuwa amekibana, kiti kikatikisika. Kichwa cha mwalimu kikachomoza juu ya uzio. Nikainuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinitazama, akamtazama Bibi anayejifuta machozi kwa kanga.

"Tumeshasalimiana," akasema, akaendelea na njia yake.