Jina la Mama Yake Bibi Somoe

Hakuna jambo duniani la kunishangaza mimi, mwanangu. Nakumbuka hata siku walipoanza kujenga bandari ya Mtwara, wenzangu wakiikodolea macho mitambo, mimi nilikuwa nimeshaomba kazi. Darasa la pili sikumaliza, lakini miaka ya hamsini ilinikuta na lori langu mwenyewe, nabeba korosho. Nani mwingine kijijini kwetu Mtawanya alikuwa na lori? Nitajie mmoja.

Aliyenilea ni Bibi Somoe, mama wa marehemu mama yangu. Alivushwa mto Ruvuma angali msichana mdogo, mwaka wa njaa, ndugu zake wakabaki ng'ambo. Kila nilipopita kwake humkuta akimenya muhogo, naye husema, "Kaa nikutajie watu wetu. Nimebaki peke yangu ninayewajua."

"Kesho, bibi. Leo nina haraka."

"Haraka yako inakwenda wapi, mume wangu, mbona jioni inarudi na njaa?"

Nilicheka nikaondoka. Nilicheka hivyo miaka minne. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Heri ningevunjika guu, maana guu huungwa.

Homa ilimchukua kwa siku mbili. Sanda nilinunua mimi, watu wakala wakashiba. Tulipokwisha kufukia, mwalimu wa madrasa akachuchumaa kusoma talkini, yale maneno ya kumkumbusha maiti majibu yake. Na maiti, kama ujuavyo, huitwa kwa jina la mama yake.

"Mama yake nani?" akaniuliza.

Nikamtazama jirani. Jirani akatazama jembe.

"Namba ya lori anaijua," mzee mmoja akasema nyuma yangu, taratibu tu, kama mtu anayeomba maji.

Basi mwalimu akaita, "Ewe Somoe, mwana wa Hawa," kama aitwavyo mgeni aliyeokotwa njiani. Ni kweli sote tu wana wa Hawa. Lakini kwetu Wamakonde mtu huhesabiwa kwa mama, na mimi ndiye niliyemfukia bibi yangu bila mama.

Arobaini haijafika nilishuka Kitaya, nikavuka Ruvuma kwa mtumbwi, nikazunguka vijiji siku tisa nikiulizia ndugu zake Somoe. Mwishoni ajuza mmoja akanihurumia.

"Somoe ni jina mlilompa huko kwenu, baba," akasema. "Sisi huku tulimwita nani?"

Hata hilo sikulijua.

Mwanangu, kikongwe akikuambia kaa, kaa. Muulize mama yake nani, na mama wa mama yake, uyarudie majina mpaka achoke yeye. Mali hupotea ikatafutwa. Jina likishazikwa na mwenyewe halifukuliwi. Mungu akujalie wazee wa kukutajia na masikio ya kuwasikia, akuepushe na safari kama yangu ya kurudi mikono mitupu, ambayo kwa mtumbwi, chakula, sadaka na kanga za kuwafungua watu midomo ilinila shilingi mia moja arobaini na tatu na senti themanini.