Swali Juu ya Sur

Mdogo wangu alikuwa akikaa kwangu Nizwa, na kazi yake ilikuwa kutafsiri. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa na programu ya simu ya kubeti mechi, wateja wake wengi wako Tanzania na Kenya, naye ndiye aliyewaandikia Kiswahili chao. Mama, anayeishi Sur, mji wa pwani, hakuipenda kazi ile. Kila akipiga simu humuuliza, "Bado umo kwenye kamari?"

Mwaka jana programu ile ikafungwa. Mama akasema alhamdulillah. Lakini kampuni haikufa. Ilipata leseni mpya huko kwao, ikageuka soko la utabiri: watu wananunua na kuuza majibu ya maswali, nani atashinda uchaguzi, mafuta yatapanda au yatashuka. Mdogo wangu akabaki kutafsiri maswali.

Alasiri moja akaniita. "Dada, njoo uone."

Kwenye kompyuta palikuwa na swali: Je, kimbunga kitapiga Sur kabla ya Ijumaa? Chini yake mstari wa buluu, bei ya jibu la ndiyo, ulikuwa unapanda. Kila ukipanda, maana yake wengi zaidi wanaamini kitapiga. Nikaduwaa. Watu wasioujua hata mlango wa mama yangu walikuwa wanamwekea dau.

Nikampigia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Upepo wa huku si wa kawaida. Tumeshafunga madirisha, na jirani amehamia kwangu."

Alipokuwa akizungumza mstari ulizidi kupanda, kana kwamba unamsikiliza. Kisha, ghafla, ukaporomoka.

"Mama, upepo umetulia?"

"Umetulia wapi? Mlango unatikisika huu."

Hatukukata simu. Tuliwasikia yeye na jirani yake wakisoma dua. Magharibi ilipokaribia akasema, "Hebu sikilizeni." Hatukusikia kitu, hata upepo. Baadaye ndipo redio ikatangaza kuwa kimbunga kimegeukia baharini.

Mdogo wangu akamweleza Mama habari ya mstari ulioporomoka kabla ya redio kutangaza.

"Subhanallah," akasema. "Nani huyo aliyejua?"

"Hakuna mmoja aliyejua, Mama. Huyu anasoma picha za setilaiti, yule yuko melini, kila mtu ana kidogo chake. Vikikusanyika, bei inasema."

Mama akauliza, "Na wale walioweka dau kuwa kitapiga, walikuwa wakituombea nini?"

Mdogo wangu akaifunga kompyuta.

Asubuhi yake, Ijumaa, tukaenda Sur kwa njia ya Ibra. Mabonde ambayo siku zote huwa makavu yalikuwa yanateremsha maji ya mvua ya usiku, mekundu, na watu wamesimamisha magari kutazama tu. Kwa Mama mchanga ulikuwa umejaa ukumbini. Mdogo wangu akachukua ufagio. Alipomaliza, Mama akaomba aonyeshwe hilo soko kwenye simu. Swali lilikuwa limeshafungwa, na chini yake limeandikwa jibu la neno moja.

"Hapana," Mama akalisoma kwa sauti, taratibu. Akairudisha simu kwa mikono miwili, akaenda kutukaangia samaki.