Anwani Yenye Mchanga

Mama yangu anauza dagaa soko la Kibirizi, Kigoma, na dagaa wake huwaanika juu ya chanja za wavu. Wakianikwa chini wanashika mchanga, na mnunuzi akiusikia jinoni harudi tena. Kwa hiyo siku aliyoitazama vizuri anwani ya tovuti niliyomtengenezea, alishtuka.

"Hii nini? Alama ya kuuliza, asilimia, minamba kibao... Hii anwani ina mchanga!"

Jirani yake wa meza, rafiki yake tangu wakiwa wasichana kule kijijini Bangwe, naye alikuwa na tovuti. Anwani yake ilikuwa maneno matatu tu, na ukitafuta dagaa wa Kigoma mtandaoni, yeye alitokea juu yetu. Mama akaunganisha mambo mwenyewe. Akaniagiza niisafishe anwani ili tupande.

Nikamweleza, tena kwa adabu, kwamba anwani safi inasomeka, na mtu haogopi kuibonyeza, lakini katika kupanda inasaidia kidogo sana. Cha maana ni kilichomo ndani ya ukurasa, na wangapi wanaoutaja kwenye tovuti zao. Jirani alikuwa ameandika mpaka namna ya kukaanga dagaa wasivunjike. Sisi tulikuwa na picha moja, nayo ina kidole changu.

"Kwa hiyo unanibishia?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikasema haya, unataka safi, utapata safi! Nikaikalia kompyuta mchana kutwa, nikazichambua anwani zote, zikawa fupi, unaweza kumtajia mtu barabarani akazishika. Lakini kwa zile hasira nikasahau jambo moja: kuiagiza tovuti kwamba atakayekuja kwa anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya.

Loh! Kupanda hatukupanda. Tulipotea kabisa. Waliobonyeza anwani ya zamani waliambiwa ukurasa haupo, basi. Mmoja wao alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kule Tabora, mteja wetu mkubwa kuliko wote, ambaye kila mwezi aliagiza kupitia ukurasa ule ule aliouhifadhi kwenye simu yake. Akatukosa, akanunua kwa jirani.

Mama alipoona magunia ya shule yanafungwa kwenye meza ya jirani, hakuuliza. Alinuna. Asubuhi jirani akimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," yeye anainamia dagaa kana kwamba hajasikia. Mimi nilijua kosa ni la nani, nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi.

Nikarekebisha kimyakimya. Ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha chai tu! Baada ya wiki kadhaa tukarudi pale pale tulipokuwa, chini ya jirani, hatujapanda hata ngazi moja. Anwani inang'aa, na Mama hasalimiani na rafiki yake wa miaka yote.

Alasiri moja, wote wawili wakiwa wanageuza dagaa, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, nikaropoka.

"Mama, yule mteja wa shule hakuibiwa na mtu. Ni mimi. Nilibadilisha anwani nikaacha ya zamani ife, akaja akatukosa."

Mama akaniangalia kuanzia miguuni.

"Wiki zote hizi unaniona nimenuna, unanitazama tu?"

"Nisamehe, Mama."

"Mashavu yananiuma kwa kununa, wewe mtoto!"

Nilitegemea jirani acheke. Hakucheka. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akasema polepole, "Yule wa shule alinipigia mimi kuuliza uko wapi. Nikaitafuta tovuti yako kwenye simu, nikaikosa. Wiki zile kila siku nilikuwa naitafuta, naikosa. Na hapa hunisalimii. Nikajua unahama soko, hutaki hata kuniaga."

Mama akaacha dagaa. Nikaona kidevu chake kinatetemeka.

"Nihame niende wapi," akasema, "na wewe uko hapa?"

Wakatazamana kidogo. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.